Mbao Hazikufika Chumbani kwa Mama

Kuna watu Mungu huwapa kaka wenye akili. Mimi alinipa Ryoba.

Miaka ile dhahabu ilipowavuruga watu, Ryoba aliacha shamba letu Kenyamonta akakimbilia Nyamongo. Dhahabu hakupata hata ya kuchafua ukucha. Alichopata ni kazi ya kupiga matimba, yaani miti ya kuzuia mashimo yasiwafukie wachimbaji. Akarudi nyumbani na nyundo, kifua mbele, anataka aitwe injinia.

Wakati huo tetemeko dogo lilikuwa limepasua nyumba ya marehemu baba, ya matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo. Ryoba akazunguka akizigonga kuta na kuguna. Akatangaza kwamba ataifunga kwa mbao: nguzo kila kona, boriti kuzunguka juu, vyote vikamatane, na kati ya mbao na ukuta ashindilie maranda ya kuzuia baridi. Kazi yenyewe ilikuwa safi, siwezi kumnyima. Akafunga sebule, chumba changu, stoo, mpaka banda la mbuzi. Mbuzi wetu wakawa wanalala vizuri kuliko katibu kata.

Chumba cha mama hakukigusa. Kwetu, kijana akishatahiriwa haingii tena anapolala mama yake. Sawa, mila ni mila. Lakini ufa mkubwa kuliko yote ulikuwa humo, juu ya kichwa cha kitanda.

"Kaka, mwite Saadi, yule seremala wa Mugumu," nikamwambia. "Yeye hakuzaliwa na mama yetu."

"Fundi mwingine aje amalizie kazi yangu? Watu watasema nini? Kwamba Ryoba imemshinda?"

Hapo nikajua kwamba mila ilikuwa kisingizio tu. Kilichomsumbua ni sifa. Mama naye akakataa kuhama. "Silali sebuleni kama mgeni," akasema, akafunga mlango wake. Tangu hapo nikawa nalala roho juu.

Tetemeko la pili lilikuja alfajiri. Mbao zikalia, zikashika. Bandani mbuzi hawakudondokewa hata na vumbi. Chumbani kwa mama ukuta ukaanguka wote kwa kishindo.

Ryoba akakimbilia mlangoni na kusimama hapo, injinia mzima, akiita "Mama! Mama!" bila kuvuka kizingiti. Nilimchukia siku hiyo. Nikamsukuma mgongoni kwa nguvu zangu zote, akauvunja mlango na kuangukia ndani.

Mama alikuwa amejibana kando ya kitanda, mweupe kwa vumbi, mguu umefukiwa na matofali. Ryoba akaanza kuyaondoa kwa mikono, machozi na kamasi vikimtiririka. Mama akamtazama.

"Ryoba, umeingia chumbani kwangu."

"Nisamehe, mama."

"Umeshaingia. Nitoe, halafu ukalete mbao."