Malkia Aliyewasuka Mahawara wa Mumewe

Mwaka 2018 nilikuwa nasoma chuo Houston na kuishi mtaa wa Gulfton kwa mama mdogo, ambaye alikuwa akisuka nywele sebuleni kwake. Muhula ule nililazimika kuchukua somo la historia ya Ulaya. Mwalimu alitugawia malkia wa kuwachunguza kama anayegawa pipi, na wale maarufu wakachukuliwa na waliokaa mbele. Mimi nikaangukiwa na mmoja wa Denmark, wa zama za kati, ambaye hata mwaka aliozaliwa hakuna anayeujua.

Habari zake zote zingeenea kwenye upindo wa kanga. Aliolewa na mfalme. Mfalme alipenda wanawake. Wakaenda kuhiji Yerusalemu, mfalme akafia njiani, Kupro, malkia akaendelea na safari mpaka naye akafia Yerusalemu. Basi. Ila padri mmoja, aliyeandika wakati malkia ameshaoza kitambo, alimsifu kwa subira: eti aliwavumilia mahawara wa mumewe, hata akawatengeneza nywele kwa mikono yake.

Jumamosi moja nilimsimulia mama mdogo akiwa kazini. Alicheka mpaka akaweka kitana chini.

"Huyo padri alishawahi kusukwa?"

Mteja wake, dada mmoja wa Arlington, karibu na Dallas, aliyekuja Houston kumwona mchumba, naye akacheka.

"Mimi nisingeweza, dada. Bahati nzuri wangu ni mgane. Anaendesha lori, Houston na Dallas."

Akatuonyesha picha kwenye simu. Alikuwa baba mdogo, mume wa mama mdogo, ndani ya shati ambalo mama mdogo alilinunua mwenyewe na kulipiga pasi kwa ajili ya Pasaka. Mimi nikatazama zulia. Mama mdogo akaokota kitana.

"Pole yake. Mkewe alikufa kwa nini?"

"Presha."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Anasema alikuwa mkali kidogo."

"Marehemu ndiye mimi," mama mdogo akasema, kwa sauti ile ile anayoniombea nimpitishie rasta.

Yule dada akataka kuinuka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa vizuri, wa pili umesimama kama ufagio.

"Kaa," mama mdogo akamwambia. "Ukitoka hivyo utaniharibia jina."

Akakaa, akalia, akapewa tishu, akasukwa. Huku akisukwa aliulizwa, na alijibu yote. Mpaka msuko wa mwisho, mama mdogo alikuwa amemfahamu mumewe kuliko alivyomfahamu kwa miaka yote ya ndoa. Na zile nywele, kusema kweli, zilipendeza.

Kisha yule dada akampigia mchumba wake, simu ikiwa kwenye spika, akamtajia mtaa na jengo ili aje kumchukua. 

"Mitaa hiyo siijui vizuri," baba mdogo akasema.

Mama mdogo akainama karibu na simu. "Geti la pili, baba. Pale unapoegesha gari lako."

Hakuja. Yule dada alirudi Arlington na basi.

Darasani nilisema huenda malkia aliwatengeneza nywele mahawara ili apate habari. Mwalimu akauliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia hata yule padri hakuonyesha wa kwake. Akanipa alama za wastani, na sikumlaumu. Ushahidi wangu ulikuwa Gulfton, na haukuwa tayari kuhojiwa.

Jumapili iliyofuata wakaja wazee wawili wa jumuiya yetu, wametumwa na baba mdogo. Walikunywa chai, wakala maandazi, wakamsifu mama mdogo kwa muda mrefu. Mwanamke mwenye subira, walisema, ni nguzo ya nyumba. Mama mdogo akawasikiliza mpaka wakachoka, halafu akawaonyesha mabegi mawili ukumbini.

"Nguo zake hizo. Nimezifua."

Wakatazamana, wakabeba, kila mmoja lake. Walipofika kwenye gari mmoja akarudi peke yake, akabisha hodi taratibu, na kuuliza kama mama mdogo anasuka hata watoto, maana binti yake ana shule kesho.