Sauti Iliyoitika Jina la Mama

Juzi mjukuu wangu alianika blanketi la sufu karibu na moto. Likaanza kutoa mvuke, na harufu yake ikanirudisha Malindi yetu ya huku milimani, asubuhi ya ukungu, nina miaka minane na nimejifunika blanketi la marehemu mama.

Mama aliitwa Amina. Alikuwa katika ngemo, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Asubuhi walijipanga kwenye mteremko, na kwa ukungu wetu huwezi kumwona hata aliye hatua tano, kwa hiyo kiongozi wao, Mama Mbaruku, aliita majina. Kila mtu akaitika "Nipo," ndipo majembe yainuliwe. Nayakumbuka kwa mpangilio wake: Fatuma, Rozalia, Zaina, Amina, Mwanaidi, Magdalena. Asiyeitika siku tatu mfululizo alitolewa, na shamba lake halikulimwa tena.

Matanga ya mama yalipokwisha, wakarudi kulima. Siku ya kwanza jina lake liliitwa, kimya. Ya pili, kimya. Nyumbani tulibaki mimi na bibi, ambaye mgongo wake ulishakataa. Baba alikuwa mbali, Bulwa, kwenye mashamba ya chai, haleti hata salamu. Mvua ilikaribia na shamba letu la maharage lilikuwa majani matupu. Siku ya tatu bibi akanifunika blanketi la mama, akanipa jembe lake.

"Nenda kasimame mahali pake, mwanangu. Wakimwita, itika."

Nilisimama kati ya Zaina na Mwanaidi, siwaoni, nawasikia wakikohoa tu.

"Zaina!"

"Nipo, nipo, ndiyo nafika!"

"Amina!"

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Nikajua shamba letu limekwenda.

"Nipo."

Ilitoka chini ya mteremko, kule ambako hakukuwa na mtu. Sauti yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kupuliza moto. Sauti ya mama. Hata ndege walinyamaza, au labda ni mimi niliyeacha kusikia.

Mama Mbaruku akaita, "Mwanaidi!" kama kawaida. Na Rozalia, ambaye hakuwahi kukosa neno, akasema, "Unaona, Zaina? Marehemu anawahi kuliko wewe!" Wakacheka kicheko chembamba, cha watu wanaoogopa. Wiki ile ile wakalima shamba letu lote.

Miaka mingi niliamini mama alirudi. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kila mmoja wao, kwa wakati wake, kama ni yeye aliyeitika. Kila mmoja alikana, akidhani ni mwenzake. Kisha nikaelewa jambo ambalo mtoto hangeliona: marehemu haitwi. Mama Mbaruku ndiye aliyemwosha mama kwa mikono yake. Aliliita lile jina siku tatu akingoja yeyote yule aliitikie.

Ni nani, sijui mpaka leo, na kukiwa na ukungu sipendi kupita pale peke yangu.

Mjukuu wangu hushangaa ninavyong'ang'ania kikundi na magoti haya. "Bibi, si tuite vibarua tu?" Namwambia vibarua wanalima vizuri kabisa, sina ugomvi nao. Lakini matanga yangu yakiisha, nani kati yao ataniita?