Mashine Mbili na Ng'ombe ya Mama

Nyinyi mmekalia mawe hapo, na wewe umesimama kwa mlango kama mtu anangoja kufukuzwa, ingieni, nafasi iko. Nataka kuwaambia vile mimi, mtu alisoma mpaka darasa la tatu, na hiyo ya tatu nilitoka kabla ya chai ya saa nne, nilikuwa karibu kuua ng'ombe ya mama yangu na mashine nilitengeneza na hii mikono. Mtacheka. Chekeni tu. Siku hiyo mimi sikuwa na meno ya kuchekea.

Kazi yangu ni redio. Niko na kibanda Ruring'u, Nyeri mjini, karibu na stadium, na nimetengeneza redio nyingi mpaka zingine zikianza kuharibika zinakuja kwangu zenyewe kwa miguu. Halafu watu wakaacha redio wakashika simu. Nikakonda. Nilikonda mpaka nikisimama karibu na antena, kastoma anashika mimi akitafuta stesheni.

Siku moja jamaa mmoja mwenye mashine ya kupasua mbao akaja analia na msumeno umevunjika meno. Mnajua mambo ya huku kwetu. Mtu akitaka kuweka seng'enge kwa mpaka, hasimamishi nguzo. Anagongelea misumari kwa mti wenye umesimama hapo, basi. Mti hausemi kitu. Unanenepa, unameza msumari na kipande ya waya, miaka inapita, mwenye shamba anasahau, anauza mti. Ukifika kwa mashine ya mbao, msumeno unakutana na msumari huko ndani na jino linaruka kama panzi.

"Fundi," akaniambia, "nitengenezee kitu ya kuniambia kama mti umemeza chuma."

Mimi nilikuwa najua redio moja ya zamani, ukiirekebisha vizuri inapiga mluzi, na ukileta chuma karibu mluzi unabadilika. Nikachukua beseni ya plastiki, nikazungusha waya wa shaba kwa ukingo, nikafunga na ile redio, nikaweka mpini wa jembe. Nikapitisha kwa mti. Mluzi ukapanda. Tukachimba na patasi, tukatoa msumari wa inchi sita ulikuwa umelala huko tangu babu za watu wakiwa vijana. Huyo jamaa alinikumbatia mpaka nikaacha kupumua.

Sasa mbele ya kibanda yangu, ng'ambo ya barabara, kuna mwingine. Yeye ni wa televisheni. Aliona mashine yangu Jumatatu, Jumatano akawa na yake. Vita ikaanza. Nikaweka taa, akaweka mbili. Nikapaka rangi ya kijani, akapaka kijani na akaandika ORIGINAL. Nikaandika ORIGINAL YA KWANZA. Akaweka mkanda wa kubeba begani, nikaweka mkanda na mfuko wa kuweka chapati. Mashine zetu zilitembea kuliko sisi, zikafika Karatina, zikafika Timau kwa watu wa ngano. Kuna mzee mmoja wa kofia nyeupe, anauza ng'ombe na mbuzi Nanyuki, alipita akashika ya yule jirani, akashika yangu, akazirudisha polepole.

"Mnashindana rangi," akasema. "Nani kati yenu anashindana kusikia?"

Tulimcheka wote wawili. Hiyo ndiyo siku ya mwisho tulicheka pamoja.

Kwa sababu sikilizeni vile ilienda. Mashine yangu ilipendwa na wenye kuuza miti. Na mwenye kuuza mti hataki kelele, mashine ikilia bei yake inashuka. Wakaanza kuniambia, "Fundi, hii mashine yako iko na mdomo. Punguza kidogo." Nikapunguza. Wakarudi wakasema bado. Nikapunguza tena. Nilipunguza mpaka ungeweza kuipitisha kwa reli ya Nanyuki na ikalala usingizi. Hapo ndiyo watu wakasema sasa hii ni kitu safi, haisumbui. Na yule wa ng'ambo, yake ilipendwa na wenye mashine za mbao, na hao wanataka mti ulaumiwe ndiyo bei ishuke. Wakamwambia aongeze. Akaongeza mpaka mashine yake ikipita karibu na kabichi inalia kama mwizi ameonekana. Sisi tuliita hiyo maendeleo.

Basi. Siku moja asubuhi mama akanipigia simu kutoka kijijini, Gakindu.

Mama yangu anaishi peke yake na ng'ombe moja. Tumemwambia mara mia aje mjini, anakataa. Anaamka, anakamua, anapeleka maziwa barabarani kwa kijana wa pikipiki, anarudi anaongea na hiyo ng'ombe mambo ya kijiji yote, hata ya kanisa. Na mimi ni kijana wake wa pili, nimeitwa jina ya baba yake, kwa hivyo tangu nizaliwe ananiita Baba.

"Baba," akasema, "ng'ombe imekataa kula siku ya tatu. Imekunja mgongo. Ikiteremka kwa mteremko inalia. Daktari wa ng'ombe yuko hapa, anasema pengine imemeza waya ndani ya majani ya nepia. Nimemwambia asiguse kitu, mtoto wangu ndiye anatengeneza mashine ya kuona chuma. Kuja nayo."

Nilienda. Nilipofika nikamkuta daktari, mtu wa maneno kidogo, gamubuti mpaka magoti. Nikamkuta pia jirani ya mama, mzee mwenye miti ya mukima, ile ya mbao, imejaa mpaka wake wote, ameshika ng'ombe pua. Huyo mzee ni kastoma yangu wa kwanza Gakindu. Aliponiona akamwambia daktari, "Huyu ndiye fundi mwenyewe. Mashine yake iko na heshima."

Daktari akaniambia wazi. "Kama ni waya, nikate leo, kwa sababu kesho utakuwa umefika kwa moyo. Kama si waya, nikimkata vile amechoka hivi, hatasimama tena. Wewe niambie."

Nikapitisha mashine. Ubavu wa kushoto, chini, nyuma ya mguu wa mbele, vile daktari alinionyesha. Kimya. Nikarudia. Kimya. Ng'ombe iliniangalia na yale macho yake makubwa, na mimi nikaangalia beseni.

"Mungu asifiwe," mama akasema. "Daktari umeona. Hakuna waya. Mpe dawa ya tumbo."

Daktari akaanza kufunga mkoba. Jamani, mimi nimeumwa na nyuki, nimepigwa na stima mpaka nywele zikaenda Nyahururu na kurudi, lakini sijawahi kusikia baridi kama hiyo. Mama alikuwa ananitabasamia. Alikuwa ameniletea kiti, ile ya wageni. Nilitaka sana aendelee kutabasamu. Nikahesabu daktari akifunga kifungo ya kwanza, ya pili.

"Daktari, usiiamini," nikasema.

"Unasema nini, Baba?"

"Nasema hii mashine haisikii."

"Leo haisikii?"

"Haisikii siku yoyote, Mama. Niliitengeneza isisikie. Watu walitaka hivyo."

Mama alikaa chini kwa ndoo. Akaongea na hiyo ng'ombe, si na mimi. "Umesikia? Huyu ndiye nilikuwa nakwambia habari zake kila asubuhi." Ndiyo akanigeukia. "Wewe," akasema. Si Baba. Wewe. "Hii ng'ombe ikienda, mimi nitaamkia nani?"



Nikatoka nyuma ya miti ya kahawa nikampigia yule wa ng'ambo ya barabara. Tulikuwa tumemaliza mwaka bila kuongea, tunatukanana tu kwa maandishi ya vibao vya dukani.

"Niko na shida," nikamwambia.

"Ya betri?"

"Ya mama."

"Niambie mahali," akasema. Huyo mtu alipanda boda boda akafika haraka, hata vumbi yake ilifika baadaye, ikaomba maji.

Akawasha mashine yake. Ikalia kwa ng'ombe. Mama akasimama. Lakini ikalia kwa mti wa zizi pia. Ikalia kwa ndoo, kwa nepia, kwa goti ya yule mzee wa mukima. Akaielekeza kwa hewa tupu, ikalia kwa hewa.

Daktari akatoa kofia. "Moja haisemi, ingine hainyamazi. Na huyu mnyama anaenda. Nyinyi watu mlikuwa mnashindania nini?"

Yule mwenzangu akatazama viatu. "Wenye kupasua mbao ndiyo walitaka hivi," akasema, pole pole kama mtoto. Mimi nilisikia vizuri kidogo, si kwa furaha, ni vile tu nilikuwa si peke yangu kwa hiyo shimo.

Tukaketi chini ya kahawa tukafungua zote mbili. Ndiyo mara ya kwanza niliona ndani ya yake. Koili yake, ule waya wa shaba, ilikuwa imezungushwa vizuri kuliko yangu, na hiyo kukubali iliniuma kama jino. Yeye akaangalia redio yangu akasema, "Hii mluzi yako iko safi." Tukachukua koili yake na redio yangu. Lakini tutapimia wapi? Kwa mti kavu haisaidii, ng'ombe ndani ni maji tu. Ndiyo yeye akasema mgomba. Tukakata mgomba wa mama, mnene kama tumbo, tukaukata vipande viwili. Kimoja tukasukuma msumari katikati, kimoja tukaacha bila. Tukaanza kupima. Ikilia kwa vyote viwili, tunapunguza. Ikinyamaza kwa vyote viwili, tunaongeza. Jua likapanda. Ng'ombe ikalala chini. Mama alikuwa anampangusa mate na leso yake ya kanisa.

Mwishowe ikapiga mluzi kwa mgomba wa msumari na ikanyamaza kwa ule mwingine. Tukarudia, tukageuka, tukamwambia daktari achanganye vipande tusione. Kila mara ikasema ukweli. Nilikuwa nimesahau hiyo sauti.

Tukainua ng'ombe, watu wanne na kamba, tukaitoa zizini kwa sababu ya mabati, tukaileta kwa kahawa. Daktari akaamuru kila mtu atoe chuma. Tukatoa mishipi, funguo, simu, visu. Mzee wa mukima alishika ng'ombe na mkono moja na suruali na mkono ingine. Suruali yangu mimi ilikuwa imefungwa na waya wa redio, nikaitoa, nikabaki nimeishika kama mkia. Hakuna mtu alicheka. Kwanza tukaleta ng'ombe ya jirani, mzima kabisa, tukaipima. Kimya. Halafu ya mama, nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, chini.

Mluzi ukapanda.

Tukasogeza, ukashuka. Tukarudisha, ukapanda.

"Nakata," daktari akasema, "lakini mama, nataka uniambie wewe."

Mama hakuangalia mimi. Aliangalia ile beseni. "Hao wawili kila mmoja peke yake ni mwongo," akasema. "Pengine wakiwa pamoja wanajua kitu. Kata."

Alidunga dawa ya kuua uchungu, akanyoa, akakata ng'ombe ikiwa imesimama. Mkono wake ukaingia mpaka bega. Alitafuta. Alitafuta muda ungeweza kupanda maharagwe na kuvuna. Nilikuwa nashika mkia na suruali na naomba Mungu wa makanisa yote ya Nyeri, hata yale nimewahi kusema vibaya. Daktari akafunga macho. Akasema, "Hapana." Halafu akasema, "Ngoja."

Akatoa mkono. Katikati ya vidole kulikuwa na kipande ya seng'enge, urefu wa kidole ya kati, kimekunjwa ncha kama ndoano. "Ilikuwa imeanza kutoboa," akasema. "Kesho ingekuwa ni kuchimba kaburi yake tu."

Mama alichukua hiyo waya, akaipangusa na ile leso, akaifunga ndani. Hakushukuru mtu. Alienda akakaa tena kwa ndoo mbele ya ng'ombe na majani ya viazi tamu kwa mapaja, akangoja. Na sisi tukangoja. Daktari alikuwa amesema kushona si kupona, tuangalie kama itakula. Chai ilikuja ikapoa. Mwenzangu angeweza kwenda, hakuenda. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Nyandarua wakati ng'ombe ilinyoosha shingo, ikanusa, ikachukua jani moja. Moja tu. Ikalitafuna kama mtu anatafuna habari mbaya. Halafu ikachukua lingine.

Hapo ndiyo mama alianza kulia, na mimi nikaona heri angenipiga.

Alipomaliza akasimama, akatuita wote wawili mbele yake, mimi na huyo adui yangu, tumeshika suruali. "Kesho," akasema, "mtaanza nyumba kwa nyumba. Kila mtu mlimuuzia ile ya kunyamaza au ile ya kupiga kelele, mtaichukua mtengeneze kama hii. Mkianzia hapa Gakindu. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mama," tukasema pamoja.

Na yule mzee wa mukima, bado ameshika kamba ya ng'ombe, akaropoka: "Yangu wacheni vile iko. Mnunuzi wa miti anakuja Alhamisi."