Kanda Kumi na Moja za Mama Mudogo

Wiki iliyopita, mbele ya lango la chuo huko Kasapa, mwanafunzi mmoja alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka la fotokopi, simu yake ikipiga wimbo wa gitaa zenye kukwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Juu ya gitaa hizo mwanamke alipaza sauti, utadhani anagombana na mvua. Nilimuuliza kijana kama anamjua mwimbaji.

"Ni ba Kelele ya Bure, kundi ya zamani," alijibu bila kuinua macho. "Ule mwanamuke aliimbaka nyimbo ine tu, kisha akaacha."

Sikumsahihisha. Lakini ninyi nitawaambia: baada ya hizo nne hakuacha.

Mwanamke huyo ni Régine, mdogo wa mama yangu, ambaye sisi tulimwita mama mudogo. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minane, na mdogo wangu Junior hakuwa ametimiza miwili. Mama mudogo alikuja kwenye kilio amevaa buti za mgodini, nywele amezinyoa upande mmoja. Wamama wa parokia walimtazama, kisha wakatazama sufuria zao. Aliimba katika kundi la panki la wanafunzi, muziki ambao baba, mtu wa reli na wa kwaya, aliuita hasira yenye umeme.

Mimi sikulia. Si siku ya mazishi, wala baadaye. Nakumbuka harufu ya sombe, majani ya muhogo, kwenye masufuria makubwa, baridi ya sakafu chini ya miguu, na kitu kama pamba kilichonijaa masikioni. "Huyu mutoto iko na roho nguvu," watu walisema, nami niliwaamini.

Kilio kilipokwisha wageni walirudi makwao, yeye akabaki. Tulikaa Annexe, pembezoni mwa mji, katika nyumba ya matofali isiyopigwa plasta, nyuma yake shamba la mahindi na kijumba cha kuwekea makala, makaa ya kupikia. Mchana, vyombo vikishaoshwa, alijifungia humo na redio-kaseti ya baba, akaimba peke yake. Alitoka na vumbi jeusi puani. Jioni, tukila bukari, ugali wa kwetu, alitupigia alichorekodi.

Hakuna kanda iliyofanana na nyingine. Moja ilikuwa rumba ya polepole. Nyingine ilikuwa na wimbo wa Kiluba wa bibi yetu, wa kutwangia, mama mudogo akipiga kijiko juu ya ndoo. Kulikuwa na wimbo wa kanisani alioukimbiza mpaka baba akacheka na tonge mdomoni. Kulikuwa na mmoja usio na maneno, pumzi tu na mvua juu ya bati. Sauti ile iliyozoea kukwaruza ilijifunza kunong'ona, na mara nyingine ilishindwa, ikakatika katikati. Junior alisinzia. Nilidhani anamwimbia yeye. Mimi nilimaliza kula, nikanawa, nikafungua daftari la shule.

Jumamosi moja Patou, mpiga gitaa wa kundi, alifika na pikipiki. Walikuwa wamealikwa Lusaka kupiga na kurekodi, mwezi mzima. Baba alisema hakuna neno, dada yake angekuja kutulea. Begi lilikuwa tayari mlangoni. Mama mudogo akachuchumaa mbele yangu.

"Niende?"

"Enda tu."

"Utalia?"

"Hapana."

Nilisema kweli. Nilikuwa nafunga kamba za viatu, na sikuziachilia. Alizitazama kamba zile, akasimama, akamwambia Patou, "Muende. Mutafute mungine."

Patou alibishana mpaka chai ikapoa. Walikwenda na mwimbaji mwingine, na kundi likavunjikia huko huko. Kwa miaka mingi sote tulijua sababu: Junior alikuwa mdogo mno. Junior mwenyewe amekua akijua hivyo, na akilewa kidogo humwomba mama mudogo msamaha.

Siku hizi mama mudogo anashona mapazia karibu na soko. Baada ya kuonana na yule mwanafunzi nilikwenda kwake, nikamuuliza kwa nini aliiacha Lusaka kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akilala vizuri. Alikata uzi kwa meno.

"Junior? Junior alikuwaka analia kila siku. Mutoto mwenye kulia, unaweza kumuachia mutu yeyote. Ni weye njo uliniogopesha. Kama ungelia ile siku, ningeenda."

"Na zile kaseti?"

"Nilikuwa natafuta wimbo wenye utakugusa. Nilijaribu namna yote."

Alinipa zote ndani ya mfuko wa unga. Jumapili nilizisikiliza kumi na moja, Junior akiwa kando yangu. Yeye alilia kwenye ya kwanza. Mimi sikulia, sitawadanganya. Nilikaa tu, mikono juu ya magoti, nikifahamu taratibu kwamba watu wazima wote wa utoto wangu waliuona ukimya wangu wakausifu, na yule waliyemwita mpiga kelele ndiye peke yake aliyeusikia.