Adolphine na Mng'oa Meno

Adolphine aliuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, katika soko la mji wa Baraka, na sauti yake ndiyo iliyoongoza kwaya ya bamama kanisani. Fizi zake zilipoanza kutoka damu na meno kulegea, alikwenda kwa Anatole, mng'oa meno mwenye meza kando ya soko. Anatole akasema meno yameoza, akayang'oa yote manne ya mbele. Damu haikukoma. Aliporudi kumuuliza, Anatole alitangaza mbele za watu kwamba mama huyu amelogwa, na koleo si dawa ya uchawi. Tangu hapo wanunuzi wakawa wanampita kama hawamwoni.

Hospitalini, muuguzi Émilienne alimtazama kinywani, akamweleza polepole. Uchafu ukiganda chini ya ufizi, mwili hutoa chembechembe za ujumbe kuwaita askari wake waje kupigana. Ujumbe usipokoma, askari hao hao hugeuka kula nyama na mfupa unaoshika meno. Dawa yake ni kuukwangua uchafu ule.

"Kwa hiyo meno yangu yalikuwa mazima?"

"Yalikuwa mazima, mama."

Alisafishwa, na baada ya majuma machache damu ikakata. Hapo ndipo hasira yake ilipopata nguvu.

Siku ya soko alibeba kigoda, akakaa mkabala na meza ya Anatole. Kila aliyekuja ameshika shavu alimwita, akamfunulia mdomo, akamsimulia maneno ya Émilienne, akamwonyesha njia ya hospitali. Ndagala alimwachia dada yake Constance auze. Anatole alimtukana, siku nyingine akamcheka, mwishowe akabaki akingoja wateja wasiokuja. Jioni moja akaja nyumbani kwa Adolphine na mzee wa kanisa, akapiga magoti.

"Unisamehe, mama. Mi niko na batoto."

"Na mi nilikuwa na meno," alisema Adolphine.

Mzee akamkumbusha sala ya Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea. Adolphine alimjibu kwa heshima kwamba anaijua, ila siku hizi maneno yake hayamtoki sawasawa kinywani. Akawafungulia mlango watoke.

Haukupita muda, Anatole akakunja meza yake. Constance alifurahi akidhani yamekwisha, akamwambia dada yake kwamba yule bwana amehamia Kilembwe. Adolphine alikaza kamba ya gunia la samaki, kisha akauliza lori la Kilembwe huondoka saa ngapi.