Binti wa Utepe Kwenye Kaunta ya Vipuri

Fundi wa magari hodari kuliko wote kwenye gereji za Wattaya ni mimi, kaulizeni, lakini dada wa kaunta ya vipuri hanihudumii mpaka amalize ukurasa. Anasoma katuni za Kijapani zilizotafsiriwa Kiarabu, za msichana wa shule anayejifunga utepe, akageuka shujaa, akapigana na mazimwi usiku kucha. Alizisoma ana miaka kumi na miwili, akakosa kitabu cha mwisho. Kakipata juzi, ana arobaini. Kabla ya kufunua anafuta kila kidole kwa tishu, grisi isimguse yule binti. Pakiwa pabaya anaguna, "Ee mwanangu," kwa sauti laini, siyo ile anayotufokea sisi.

Jana alipokwenda kuswali nikakichukua. Nikafungua kama kitabu chetu, kutoka kushoto, kumbe chao kinaanzia kulia, nikaangukia mwisho. Picha hazitaki darasa la saba, nikajua yote.

"Dada, nikwambie anaishiaje?" nikamtania aliporudi.

Akanipokonya, akakikumbatia kifuani. "Thubutu! Miaka ishirini na nane nnangoja, weye!"

Macho yake hayakuwa na utani hata kidogo. Nikafunga mdomo. Mimi! Mafundi wenzangu wakadhani naumwa.

Leo kamaliza mbele yangu, akashusha pumzi, akatabasamu peke yake.

"Kawashinda, eh?" nikauliza.

"Kushinda nlikutaka utotoni," akasema. "Safari hii nlitaka arudi kwao tu, alale. Kesho ana skuli."