Siku Sajenti Alipotuomba

Jumatano moja ya mwezi wa Novemba, mashariki ya Kongo, tulimpoteza Sajenti Aloisi, kiongozi wa seksheni yetu, mtu wa Kibosho. Asubuhi ya siku hiyohiyo alilazimika kutuomba, sisi watu wazima wenye silaha, tufanye kazi tuliyopelekwa kuifanya. Mambo hayo mawili nimeshindwa kuyatenganisha.

Lindo letu lilikuwa kwenye kilima kidogo juu ya mto. Chini yake kulikuwa na daraja la magogo, na ng'ambo ya pili kulikuwa na zahanati. Tulipelekwa kulinda daraja hilo ili wanakijiji wavuke kwenda kutibiwa na kurudi salama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu yote.

Mwanzoni tulikaa vizuri. Kila Jumapili Sajenti alipika mwenyewe, kwa sababu wanakijiji walituletea ndizi na alisema hatuna adabu ya kuzimenya. Siku moja namkumbuka ameinama kwenye sufuria, mikono imejaa utomvu. Mchome, Mpare wa Same, alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli, akimwita Mangi, yaani chifu wa Kichaga, kwa utani.

"Mangi, nyama iko wapi? Umeifungia dukani?"

"Ipo. Nimeikata Kipare, ndiyo maana huioni."

Deo wa Kigoma alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi, Ramadhani, mtoto wa Pasua, niliwasikiliza Mchaga na Mpare wakitaniana nikajiona niko nyumbani. Nilipata bakuli langu wa kwanza, kwa kuwa mama yangu naye ni Mchaga wa mlimani na Sajenti alikuwa akiniita mjomba.

Kisha mvua ikakata barabara, na gari la chakula likaacha kuja. Sajenti aliwatuma Deo na wenzake wawili kwenye kituo kikubwa wapite njia ya mkato. Wanakijiji walimwambia njia ile si nzuri, kuna watu wameonekana msituni. Yeye akatazama ramani, akasema wakienda mapema watapita.

Walirudi wawili.

Baada ya hapo tulimtii Sajenti kwa miili tu. Akisema simameni, tunasimama. Akigeuka, tunakaa. Watu waliacha kunyoa ndevu. Handaki lilijaa maji na hakuna aliyeyatoa. Mchome alinyamaza kabisa, na kwa Mchome huo ulikuwa ugonjwa. Luteni alitupigia redio kutoka kituo kikubwa, akatukumbusha bendera tuliyovaa begani na taifa linalotutazama. Alipokuwa bado anaendelea, Mchome alinyoosha mkono akapunguza sauti. Sajenti alimwona, akatoka nje.

Alijaribu kutukemea. Alijaribu kushika zamu za watu waliosema wanaumwa, na mimi nilikuwa mmoja wao ingawa sikuumwa. Nilimwacha asimame kwenye mvua badala yangu, nikavuta blanketi.

Jumatano ile mwanamke mmoja alivuka daraja akikimbia, tope mpaka magotini. Alikuwa mfanya usafi wa zahanati. Alisema waasi wako kijiji cha jirani, na zahanati ina wagonjwa wasioweza kutembea, mmoja amejifungua usiku wa kuamkia siku hiyo. Sajenti alipiga redio. Wakamjibu kwamba msaada utafika kesho.

"Jiandaeni," akatuambia.

Hakuna aliyeinuka. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikitazama buti zangu.

Mchome ndiye aliyesema. "Afande, ya Deo hujatueleza."

Sajenti alimtazama kidogo, kisha akaenda nyuma ya jiko, kwenye ua uliogawa lindo na shamba la mtu. Aliporudi alikuwa amevua kofia ya chuma, na ameshika jani refu la kijani, amelipiga fundo katikati. Wengine hawakulijua. Mimi nililijua kabla hajafika. Lilikuwa isale.

Mlimani kwetu, aliyekukosea akija na isale hukatai. Hata kama amechoma nyumba yako, unapokea, na ukipokea umesamehe. Nilikuwa mdogo nilipomwona mama akilipokea kutoka kwa kaka yake, huku analia, huku hataki. Kwa hiyo nilipoliona mkononi mwa Sajenti nilikasirika. Nilijua ananifunga, na nilitaka kubaki na hasira yangu, kwa sababu ilikuwa inanipa ruhusa ya kukaa.

Alimfuata Mchome kwanza. Alilishika kwa mikono miwili.

"Deo nilimtuma mimi. Wenyeji walinionya, nikaamini ramani. Sina la kujitetea. Naomba mnisamehe."

Alisema hivyo mbele yetu sote, na mbele ya yule mwanamke. Yeye alikuwa amesimama palepale, anahema, anasubiri tumalize mambo yetu.

Mchome alilitazama lile fundo. Kisha akalipokea.

"Mchaga akiomba msamaha," akasema, "ujue anataka kukukopa."

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini hatukuwa tumesikia kingine tangu Deo. Jani likapita mkono kwa mkono. Koplo wetu, mtu wa Lindi, aliuliza ni dawa ya nini. "Pokea tu, ndugu yangu," Mchome akamwambia. "Maelezo baadaye." Mimi nilikuwa wa mwisho. Nililipokea bila kumtazama Sajenti usoni.

Akavaa kofia yake.

"Hilo la Deo limekwisha, kama limekwisha kwenu. Kwenda ni jambo jingine, siwaombi kwa jani. Mimi nakwenda. Ila machela inashikwa na watu wawili."

Yule mwanamke akauliza, kwa Kiswahili cha kwao, "Sasa munakuya, ao hamukuye?"

Hapo ndipo nilipoinuka. Siwezi kusema niliinuliwa na ushujaa. Niliinuka kwa sababu niliona aibu kukaa mbele ya mama yule. Wengine nao waliinuka. Kila mmoja ana sababu yake na sijawahi kuwauliza.

Koplo alibaki kwenye kilima na bunduki kubwa pamoja na watu wake. Sisi tukashuka.

Tulivuka daraja wawili wawili. Magogo yalikuwa yanateleza. Muuguzi alikuwa amekwisha kuwapanga wagonjwa kwenye veranda, wanaotembea upande mmoja na wa kubebwa upande mwingine. Sajenti hakupaza sauti hata mara moja. Alikuwa akimgusa mtu bega na kumwonyesha.

Tulikwenda mara ya kwanza, tukarudi. Mara ya pili, tukarudi.

Mara ya tatu risasi zikaanza.

Mimi na Mchome tulikuwa na machela ya mwisho, juu yake mzee aliyekatwa mguu. Mbele yetu alitembea yule mama aliyejifungua, mtoto kifuani. Sajenti alibaki nyuma, mwanzo wa daraja upande wa zahanati, amepiga goti nyuma ya gogo.

"Msigeuke," alisema. "Twendeni."

Hatukugeuka.

Tulipofika katikati nilisikia bunduki yake ikipiga. Tulipofika mwisho sikuisikia.

Tulimlaza mzee chini. Ndipo nikatazama. Sajenti alikuwa amekaa, mgongo kwenye gogo, kama mtu anayepumzika. Koplo na watu wake walipiga kutoka kilimani mpaka ng'ambo ikanyamaza, na Mchome akavuka kumchukua. Nilimfuata. Tulimbeba kwenye machela ileile. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na Mchome alisema njia nzima, polepole, "Mangi, Mangi, Mangi."

Wagonjwa wote walifika. Hilo ni kweli na lazima niliseme. Ni kweli pia kwamba yule mwanamke alipofika kwetu, waasi walikuwa bado hawajaingia kijijini kwake. Tungeinuka Sajenti aliposema jiandaeni, mara ya tatu tungevuka kabla ya risasi. Nimelifikiria hili miaka mingi, nikiwapimia wateja mchele wa Mabogini kwenye kibanda changu hapa Pasua, na sijapata namna nyingine ya kulihesabu.

Mazishi yake hatukuyaona. Tuliporudi nchini nilipanda Kibosho kuhani. Baba yake alinipokea kihambani, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, akaanika kahawa huku tunaongea. Mzee mrefu, shati limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Ndiyo, baba."

Aliniuliza alikufaje, nikamweleza. Aliniuliza kama alikuwa kiongozi mzuri, nikasema sijaona mwingine kama yeye. Kisha akauliza, "Mlikuwa mnamwogopa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimweleza habari ya Deo, na ya asubuhi ile, mpaka Sajenti alipovua kofia na kutuomba.

Mzee aliacha kutandaza kahawa.

"Mwanangu aliwaomba? Wadogo zake?"

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya mwanamke wa watu?"

"Ndiyo. Asingetuomba, tusingekwenda."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, nadhani alikuwa anajaribu kunielewa.

"Basi ninyi mlikuwa askari wa namna gani?"

Niliinama nikaokota punje za kahawa zilizoanguka. Mzee akamwita mkwewe, mjane wa Sajenti, aniletee chakula. Mzee mwenyewe akachukua panga akaenda nyuma ya nyumba kumkatia ng'ombe majani. Mjane aliweka sahani mbele yangu, akaninawisha mikono. Alikuwa amesikia yote.

Nilikula. Mzee hakurudi. Niliaga, nikashuka kwa miguu mpaka barabarani.